Heko, madereva wa Kisangani

Mkazi wa Kisangani anaponunua saruji, chumvi au sabuni iliyopitia mpaka wa Kasindi, aliyemfikishia ni dereva wa lori. Barabara ya Taifa Namba 4 inatoka Beni, inapita Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende, kisha inaingia mjini. Ni mamia ya kilomita, sehemu kubwa ikiwa udongo katikati ya msitu wa Ituri na Tshopo.

Mvua ikinyesha, udongo huo hugeuka uji. Lori moja likizama, mengine yote nyuma yake hukwama, na foleni yaweza kudumu siku kadhaa. Hapo dereva na tingo huvua viatu, wakachimba kwa jembe, wakakata magogo na kuyatandika chini ya magurudumu. Mlimani tingo hukimbia nyuma ya gari, kabari mkononi, tayari kuizuia tairi breki zikigoma. Usiku hulala chini ya bodi, wakilinda mali ya watu.

Matope ni nusu ya shida. Kuna vizuizi ambako kila kofia inataka chake, na kuna bunduki. Septemba 2021, kati ya Komanda na Luna, hata msafara uliosindikizwa na jeshi ulishambuliwa.

Bado wanakwenda. Kuwashukuru kwa maneno ni vyema. Kuwatengenezea barabara, kuwalinda na kuwalipa kwa wakati ni vyema zaidi. Heko, mashoferi!