Mirathi ya Mtoto wa Nje ya Ndoa: Hukumu na Wenye Kuisherehesha

 

Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa mirathi ya baba yao Muislamu kwa sababu hiyo. Yameandikwa na kusemwa mengi tangu siku ile. Kwa maoni yetu, mengi yake ama yameisifu hukumu bila ya kujua fiqhi, ama yameilaani bila ya kuisoma.

Tuanze na Mahakama. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 2(3), inaelekeza mali ya aliyekufa Muislamu igawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 24(4), inakubali kanuni ya usawa ipunguzwe, kwa kiasi kinachohitajika tu, ili sharia hiyo itumike mbele ya Mahakama za Kadhi katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Majaji waliyasoma maneno hayo kwa ufinyu, wakaona kumtenga mtoto kwa kosa la wazazi ni ubaguzi usio na hoja. Hapa tunatofautiana nao. Swali la mwanzo katika elimu ya mirathi ni nasabu: je, imethibiti au haikuthibiti? Ni kweli Qur'ani inasema habebi mbebaji mzigo wa mwingine (al-An'aam, 164), lakini aya hiyo ni ya dhambi. Mtoto huyu hana dhambi hata chembe, na humrithi mama yake na jamaa wa mama yake kikamilifu.

Dalili ya jamhuri ya wanavyuoni ni kisa mashuhuri kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alidai kijana fulani ni mtoto wa ndugu yake Utba, Abd bin Zam'a akasema ni ndugu yake, amezaliwa na kijakazi wa baba yake. Mtume (s.a.w.) aliona wazi kijana anafanana na Utba, lakini akahukumu kuwa mtoto ni wa firashi, akampa Abd. Kisha akamwamrisha mkewe Sauda, binti Zam'a, ajisitiri na kijana yule. Wanaosema siku hizi kwamba kipimo cha damu kimemaliza mjadala wakitafakari kisa hiki.

Lakini ndani yake mlikuwa na wadai wawili. Je, pasipokuwa na mume wala mdai mwingine, naye mwanamume akakiri? Is'haq bin Rahawayh alisema mtoto ni wake, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wakaiunga mkono kauli hiyo. Madhehebu ya Imamu Shafi, tuliyokuta wazee wetu wa pwani wakiyafuata, hayaikubali, na sisi tuko juu yake. Hata hivyo, anayepanda mimbari akadai hapajawahi kuwa na khitilafu anawadanganya waumini.

Jambo jingine limepitwa na pande zote. "Nje ya ndoa" ya mahakamani si lazima iwe "zinaa" ya fiqhi. Nikaha iliyofisidika, wenyewe wakaidhani sahihi, mtoto wake ananasibishwa kwa baba na anarithi. Na mtu akikiri kuwa fulani ni mwanawe bila ya kutaja zinaa, na hakuna kipingamizi, sisi Mashafi tunathibitisha nasabu wala hatumpekui. Ni watoto wangapi wanaofukuzwa matangani na jamaa wa marehemu kwa neno "haramu", hali hakuna kadhi aliyeulizwa!

Indonesia, nchi ya Kishafi kama sisi, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2012 kwamba mtoto kama huyu ana uhusiano wa kisheria na baba aliyethibitika. Baraza la Ulamaa halikuishia kukemea. Katika fatwa namba 11 ya mwaka huohuo lilikataa nasabu na mirathi, lakini likataka serikali imlazimishe baba kumlisha mtoto na kumwachia fungu kwa wasia wa wajibu. Njia hiyo ndiyo tunayoipendelea, na hata bila ya amri ya serikali, theluthi ya wasia iko wazi kwa kila baba aliye hai.

Kwa ibara ya 163(7), kila mahakama ya Kenya isiyokuwa ya Juu hufungwa na hukumu hii, na Mahakama ya Kadhi ni mojawapo. Waandishi wa sheria waliotushughulisha kwa sifa za usawa hawajatueleza kadhi atagawa vipi, mbele ya Waislamu watupu waliokuja kwa hiari yao kutaka hukumu ya Mwenyezi Mungu.