Hongereni, Mafundi Breki wa Tarime na Mugumu

Vumbi la kiangazi na tope la masika kati ya Tarime, Nyamongo na Mugumu huzitesa breki za nyuma, hasa za gari kuukuu. Raba hupasuka, kutu huingia, pistoni hukwama ndani ya kalipa. Pedi hung'ang'ania diski na gurudumu huchemka.

Hapo ndipo fundi wetu anapostahili sifa. Hakimbilii kusema "nunua kalipa mpya". Huifungua, huitoa pistoni kwa upepo wa kompresa, huisafisha. Iliyoliwa na kutu huikataa. Sili mpya huipaka mafuta ya breki, kamwe si oili ya injini, kwa kuwa oili huvimbisha raba. Sili hiyo ndogo ndiyo huirudisha pistoni nyuma dereva anapoachia pedali. Mwisho hutoa upepo kwenye mabomba, kisha hulijaribu gari polepole kabla ya kulikabidhi.

Kazi hii huokoa fedha, na huokoa roho za watu. Mafundi, hongereni sana. Wenye magari, walipeni haki yao bila kuwazungusha, na badilisheni mafuta ya breki kwa wakati: hunyonya unyevu, na unyevu ndio mama wa kutu.