Biotini na kucha: ushahidi unaobebwa na watu wanane

Ukipita kwenye duka la vipodozi siku hizi, au ukifungua simu tu, utaikutana nayo ile chupa ya "nywele, ngozi na kucha". Ndani kuna biotini, vitamini ya kundi B, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000 kwa kidonge kimoja. Muuzaji atakwambia imethibitishwa kisayansi. Ukimuuliza imethibitishwa wapi, stori inakatikia hapo. Basi leo tuusome huo ushahidi wenyewe.

Wazo lilianzia kwenye kwato. Madaktari wa mifugo waliona kwamba farasi na nguruwe wenye kwato zinazopasuka hupata nafuu wakiongezewa biotini kwenye chakula. Kwato na kucha zote zimejengwa kwa keratini, kwa hiyo watafiti wa Uswisi wakajiuliza: mbona tusijaribu kwa binadamu? Swali zuri, sina ugomvi nalo. Mwaka 1989 Floersheim alitoa taarifa ya watu 45 wenye kucha dhaifu waliomeza miligramu 2.5 kwa siku. Wagonjwa 41 kucha zao ziliimarika, yaani asilimia 91. Namba tamu hiyo. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Kwa nini tunang'ang'ania kundi la kulinganisha? Fikiria mafua. Mtu anavumilia siku tatu, ya nne anazidiwa, anakunywa chai ya tangawizi, ya sita yuko mzima. Tangawizi inapewa sifa zote. Kucha nazo ni hivyo hivyo: mtu haendi kwa daktari zikiwa na hali ya kawaida, anaenda zikiwa zimechoka kabisa. Kutoka hapo, hata usipompa kitu, uwezekano mkubwa ni kupanda. Tena aliyeambiwa "tunakutibu kucha" ataanza kuzitunza: atapunguza kuzitumia kufungulia soda, atapaka mafuta. Bila wengine waliomeza kidonge bandia, huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi.

Mwaka 1990 ukaja utafiti wa Colombo na wenzake, na huu ndio ninaouheshimu zaidi, maana walipima. Walikata vipande vya kucha na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Unene uliongezeka kwa asilimia 25. Lakini tazama waliopimwa ni akina nani. Walikuwa watu 32: kumi hawakuwa na tatizo la kucha, kumi na wanne sampuli zao hazikuoana sawasawa na kuanza na kumaliza dozi, na wanane tu ndio waliopimwa vizuri kabla na baada. Ile asilimia 25 ni ya hao wanane. Kwenye lile kundi la watu 14 ongezeko lilikuwa asilimia 7. Na wale kumi wenye kucha nzima hawawezi kutuambia mtu mwenye kucha dhaifu angekuwaje bila dawa. Utafiti wa tatu, wa Hochman na wenzake mwaka 1993, ulitazama nyuma kwa wagonjwa 35: 22 waliona nafuu, 13 hawakuona kitu.

Tafiti hizi tatu ndizo zinazotajwa kila mahali, na hakuna hata mmoja uliotumia kidonge bandia. Sisemi biotini haifanyi kitu. Nasema ushahidi huu unatosha kuomba pesa ya utafiti mkubwa zaidi, hautoshi kuandika "imethibitishwa" kwenye chupa. Halafu hesabu ndogo: tafiti zilitumia miligramu 2.5, yaani mikrogramu 2,500. Chupa inakupa 10,000, mara nne yake. Kiasi kinachokadiriwa kumtosha mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 30, na unakipata kwenye mayai, maini, karanga na kadhalika. Nani aliamua kuzidisha kwa mara mia tatu na zaidi?

Na zile video za "kucha mpya ndani ya wiki mbili" ndizo zinazonichosha. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Daktari mmoja wa Marekani, William Bean, alipima ukuaji wa ukucha wa dole gumba lake kwa miaka 35, na akaona kasi ikipungua kadiri alivyozeeka. Kutoka kwenye shina mpaka ncha ni kama miezi sita. Sehemu unayoiona kwenye ncha leo ilitengenezwa nusu mwaka uliopita, na ni keratini iliyokwisha kufa. Kidonge ulichomeza Jumatatu hakiifikii.

Kuhusu kalisi nitapita haraka. Ugumu wa ukucha hautoki kwenye kalisi, unatoka kwenye vifungo vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za keratini. Vile vidoadoa vyeupe mara nyingi ni alama ya kugongwa kidogo kwenye shina, sio eti umekosa maziwa. Dawa za kupaka za kukazia kucha, zile zenye fomalini, kweli hukaza: zinafunga protini kwa viungo vya ziada, kazi ileile fomalini inayofanya mochwari. Ukizidisha, ukucha unakuwa mgumu usiopinda, na kitu kigumu kisichopinda huvunjika.

Kinachochosha kucha za watu wengi ni maji: zinalowa, zinavimba, zinakauka, zinasinyaa, kisha zinalowa tena. Mama anayefua kwa mkono na kuosha vyombo siku nzima kwa sabuni ya unga ndiye mgonjwa halisi hapa, na hakuna tangazo linalomuonyesha. Glavu za mpira na mafuta baada ya kazi vingemsaidia kabla ya kidonge chochote. Kucha zikibonyea katikati kama kijiko, hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, aende akapimwe damu.

Na akienda kupimwa, tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Vipimo vingi vya maabara hutumia biotini kama ndoano ya kunasa kile kinachopimwa. Ukiwa na biotini nyingi kwenye damu, inakalia nafasi za ndoano na mashine inatoa jibu la uongo. Kipimo cha tezi ya thairoidi kinaweza kukuonyesha mgonjwa wakati ni mzima. Kipimo cha troponini, kinachotumika kugundua shambulio la moyo, kinaweza kusoma chini. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo, na ikaeleza kuwa imepokea taarifa ya mgonjwa mmoja aliyefariki baada ya troponini yake kusomwa chini kimakosa, akiwa anatumia biotini nyingi. Onyo likarudiwa mwaka 2019.

Lebo nilizozipitia zinaeleza umeze saa ngapi na uhifadhi wapi. Onyo la vipimo sikuliona. Kwa hiyo, kama unavimeza, kabla hujatoa mkono kuchomwa sindano mwambie daktari au mtu wa maabara jina la kidonge, ni mikrogramu ngapi, na mara ya mwisho umemeza lini. Wao ndio watakaoamua kama msubiri au watumie kipimo cha aina nyingine.