Leela bila malkia: nimemwonja, nimechapwa

Jamani, hii programu ya sataranji! Inaanza mchezo bila malkia, kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni, na bado inanitandika mimi mwenye jeshi kamili. Wala si bahati mbaya ya usiku mmoja. Inaitwa LeelaQueenOdds, ipo kwenye tovuti ya Lichess, haina malipo hata senti, na kama hujaijaribu nenda kaijaribu kwanza, kisha urudi tubishane.

Mchezo ulionitoa jasho ulikuwa hivi. Mimi kete nyeusi, dakika tano, sekunde tatu za nyongeza kila hatua. Malkia huhesabiwa sawa na askari tisa, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida nilikuwa tajiri. Mpango wangu ni ule ule anaofundishwa kila mtoto wa sataranji: ukiwa na ziada, badilishana kete, upunguze watu ubaoni, umalize kazi. Leela hakutaka kusikia. Kila nilipomletea farasi tubadilishane, farasi wake akakata kona. Nikapeleka askofu, akaziba njia kwa askari. Ubao ukabanana kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, na malkia wangu, fahari yangu yote, hana hata pa kuweka mguu! Halafu akaanza kumsukuma askari wa pembeni kabisa, wa safu ya h. Hatua ya kwanza nikacheka. Ya pili nikapuuza. Alipofika mlangoni kwa mfalme wangu ndipo nikatazama vizuri, na wakati huo malkia wangu yuko upande wa pili wa ubao anafukuzia askari wa bure. Ngome zote mbili za Leela zikaingia mstari wa saba. Kwisha.

Nikaupeleka mchezo kwa Stockfish, injini nyingine ya sataranji, iuchambue. Stockfish ikaniambia, kwa ule ubaridi wake, kwamba nilikuwa nashinda kwa mbali karibu mchezo mzima. Basi hapo ndipo palipo utamu wa mambo! Programu moja inasema nilikuwa mshindi, nyingine imenifunga. Na zote mbili ziko sahihi.

Stockfish hucheza ikiamini kwamba aliye mbele yake anaona kila inachokiona yenyewe. Ivue malkia, na itatafuta njia ya kushindwa taratibu, kwa heshima. Ikiona kubadilishana kete ndiyo hasara ndogo, itabadilishana, na hapo hata mimi nitaimaliza. Huyu Leela amefunzwa mahsusi kwa michezo ya kuanza na upungufu, na ndani yake kuna kipimo cha kumdharau mpinzani. Anajua kwamba mimi ni binadamu, nitachoka, nitaingiwa na tamaa, nitasahau askari wa pembeni. Stockfish inaijua sataranji. Leela wa aina hii anatujua sisi.

Na mzizi wa jambo lenyewe uko hapa hapa London. Kampuni ya akili bandia ya DeepMind ilianzishwa mjini humu 2010, na mmoja wa waasisi wake, Demis Hassabis, ni mtoto wa London aliyekuwa mtaalamu wa sataranji kabla ya kuwa mtaalamu wa kompyuta. Desemba 2017 wakaitangaza AlphaZero: ilipewa kanuni za mchezo tu, ikacheza na nafsi yake kwa saa chache, kisha ikaishinda Stockfish 8 michezo 28 kati ya 100, iliyobaki sare, haikupoteza hata mmoja. Mashabiki wakachachamaa, na walikuwa na haki. Stockfish ilikuwa imefungwa dakika moja kwa kila hatua na kupewa kumbukumbu ndogo mno kwa mashine ya ukubwa ule. Wenyewe wakarudi na ripoti kamili Desemba 2018: michezo 1,000, saa tatu kwa kila upande, Stockfish juu ya mashine ya maana. AlphaZero ikashinda 155, ikapoteza 6. Tena ilikuwa inatazama mikao 60,000 hivi kwa sekunde, mwenzake milioni 60! Yule askari wa safu ya h aliyeniua mimi ni silaha ya AlphaZero kabisa. Mabingwa wa kibinadamu walianza kuiiga baada ya kuiona michezo ile.

Kasoro ya AlphaZero? Hakuna anayeweza kuishika. Haikuuzwa wala kutolewa. Ndiyo maana watu wa kujitolea walianzisha Leela Chess Zero mapema 2018, kwa kufuata njia ile ile, wakikopeshana kompyuta zao ajifunze. Kinachonichekesha ni kwamba Gary Linscott, aliyeusukuma mradi huo, ndiye aliyetengeneza Fishtest, karakana ambamo kila badiliko la Stockfish hupimwa kwa maelfu ya michezo. Yaani fundi mmoja ana mkono katika kambi zote mbili.

London imezoea aibu za binadamu kufungwa na mashine. Agosti 1994, kwenye mashindano ya kasi, ChessGenius ya Mwingereza Richard Lang ilimtoa bingwa wa dunia Kasparov raundi ya kwanza. Juni 2005 ikawa zamu ya Hydra, mashine iliyogharimiwa na kukaa Abu Dhabi: ilimchapa Michael Adams, nyota wa Uingereza, kwa 5½ dhidi ya ½ pale Wembley. Zote mbili zilishinda kwa kuhesabu sana. Ya Leela ni habari nyingine.

Sasa shemeji yangu yuko Mombasa, na ni mtu wa Stockfish damu damu. Nilipomtumia mchezo wangu akanijibu papo hapo: “Shemeji, mtu hana malkia na bado anakufunga? Uza ubao.” Kisha akanishushia hoja zake, na nyingi sina jibu. Stockfish inakaa ndani ya simu ya kawaida na bado inamzidi bingwa yeyote wa dunia. Leela kamili anataka kadi nzuri ya grafiki, na kadi hiyo ni pesa. Ukimwendesha kwenye kompyuta mpakato ya kazini anakokota miguu. Stockfish nayo haikulala baada ya kipigo cha AlphaZero. Mwaka 2020 ilichukua mtandao mdogo wa neva uliobuniwa na Mjapani Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, mtandao unaokwenda kwenye prosesa ya kawaida bila kadi yoyote, na tangu hapo makombe makubwa ya injini kwa injini yamekuwa yake kwa sehemu kubwa. Kwenye vurugu, pale kila kete inatishia nyingine, Stockfish haikosei. Leela huko anaweza kupitiwa. Tena miaka ya mwanzo alikuwa na tabia ya kuudhi: akishajua ameshinda, anazungukazunguka ubaoni hamalizi, hadi 2020 walipomfundisha kukadiria hatua zilizobaki.

Lakini shemeji hakubali kasoro hata moja ya upande wake. Kuna mikao iliyofungwa, ngome isiyobomoleka, ambapo Stockfish itakuonyesha uko mbele kwa alama kadhaa na mchezo ni sare ya wazi. Na zile alama zenyewe: tangu toleo la 15.1, alama moja maana yake ni nafasi ya nusu kwa nusu ya kushinda, ila ni kwa injini dhidi ya injini. Mimi na wewe tukiwa na dakika tatu kwenye saa, alama hiyo haina maana yoyote. Mwalimu anayekuambia umeshinda huku unazama ana faida gani usiku huo?

Leela asiye na malkia naye hatishi kila mahali. Mpe mchezaji mtulivu nusu saa, acheze kete zake karibu karibu na kulazimisha kubadilishana, atamfunga. Kwa mchezo wa kasi, simwoni mwenzake. Na kwa kuwa anaendeshwa kwenye mashine za waendeshaji wake, simu na intaneti vinatosha, awe mtu yuko Kisauni kule Mombasa au Tooting hapa London.

Shemeji amejisajili jana. Anadai leo usiku anammaliza kwa dakika tatu tatu. Nimemsihi aanze na kumi.