Cuil na Kosa la Bilioni 120

Kosa la Cuil halikuwa seva kuzidiwa. Tangu Julai 28, 2008 nimesoma maelezo mengi ya namna injini ile ya utafutaji ilivyoanguka siku yake ya kwanza, na karibu yote yanaishia kwenye mitambo: wageni walifurika, mashine zikashindwa, majibu yakaharibika. Hayo ni matokeo. Kosa lenyewe lilifanyika mezani, kabla ya Jumatatu ile, pale watu wenye akili nyingi walipokubaliana kwamba kivutio cha tovuti yao mpya kiwe tarakimu moja, kurasa bilioni 120, na kwamba dunia nzima iitwe asubuhi hiyohiyo kuja kuitazama.

Mwaliko ndio unaoamua mgeni anakuja kufanya nini. Ukimwambia mtu una faharasa kubwa mara tatu kuliko ya Google, haji na shida yake ya siku hiyo. Anakuja kukupima. Ataandika jina lake, jina la mwajiri wake, jina la mji alikozaliwa, kisha atafungua Google pembeni aandike yaleyale. Ndivyo tulivyofanya sote tuliokuwa mtandaoni siku ile, na waandishi wa habari za teknolojia walikwishatutangulia. Mnakumbuka tulichokiona: safu za majibu zilizopangwa mfano wa jarida, picha ya mtu mwingine kabisa imebandikwa kando ya jina lako, na maneno ya kawaida yakirudi na jibu kwamba hakuna kilichopatikana. Injini inayodai kurasa bilioni 120 inapokujibu kwamba haina kitu, huhitaji kuwa mhandisi ili ufunge dirisha.

Hapa ndipo uamuzi ule unapozidi kunikera, kwa sababu haukupingana na busara peke yake. Ulipingana na mtambo wao wenyewe. Cuil walijigamba kwamba wanaendesha faharasa kubwa kwa mashine chache, na siri yao ilikuwa kupanga kurasa kwa mada, zinazofanana zikakaa mahali pamoja, ili swali moja liguse mashine chache tu. Ni wazo zuri. Linapunguza gharama, na katika siku ya kawaida, watu wakiuliza habari za mbolea, mpira, magonjwa na siasa, mzigo unajigawa wenyewe. Lakini siku ya uzinduzi wenye makelele si siku ya kawaida. Maelfu wanauliza maswali ya aina moja kwa saa moja: majina ya watu, majina ya kampuni za teknolojia, Google, Cuil yenyewe. Mashine za mada hizo zinalemewa wakati nyingine zimekaa kimya. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mashine zenye majibu bora zilipokwama, yaliyorudi kwa mgeni yalikuwa majibu ya zile zilizobaki, yasiyohusiana sana na swali. Kwa hiyo mgeni hakuona tovuti iliyozidiwa, ambayo angeisamehe na kuirudia jioni. Aliona tovuti iliyojibu, na ikajibu ovyo. Kati ya kuanguka na kujibu ovyo, heri kuanguka mara kumi.

Mtu aliyejenga mpangilio wa namna hiyo alipaswa kuwa wa mwisho duniani kuita umati kwa siku moja. Aliuelewa mzigo wake kuliko mwandishi yeyote wa habari.

Na tarakimu yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Agosti 2005 Yahoo walitangaza kwamba faharasa yao imepita vipengee bilioni 20. Google, ambao wakati huo walikuwa wakiandika idadi ya kurasa zao, zaidi ya bilioni 8, chini ya kisanduku chao cha kutafutia, waliiondoa idadi hiyo mwezi uliofuata na hawakuirudisha. Mashindano ya ukubwa yalizikwa hapo, na kila aliyefuatilia sekta hii aliona. Miaka mitatu baadaye Cuil wakaenda kuyafukua. Google hawakuhitaji hata kubishana: Julai 25, siku tatu kabla ya uzinduzi, waliandika kwamba mifumo yao imekwisha kuona anwani trilioni moja za kipekee mtandaoni. Kuona anwani si kuiweka kwenye faharasa, na wahandisi wa Cuil walijua hilo. Msomaji wa gazeti hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua. Alisikia bilioni, akasikia trilioni. Mvuto wa Cuil ulikuwa umemegeka kabla mlango haujafunguliwa.

Kinachoniuma zaidi ni nani walikuwa ndani ya chumba. Anna Patterson, mmoja wa waanzilishi wa Cuil, alitoka Google, na alikuwa Google katika miaka ambayo Gmail, iliyotangazwa Aprili 1, 2004, ilikuwa ikiingiwa kwa mwaliko tu, hadi 2007. Aliona kwa macho yake jinsi mwaliko unavyopunguza mzigo wa seva na papo hapo kuongeza hamu ya waliobaki nje. Russell Power, mwanzilishi mwenzake, naye alitoka hukohuko. Na makamu wa rais wa bidhaa alikuwa Louis Monier. Monier wa AltaVista! Kwa sisi tuliotafuta vitu mtandaoni kabla ya Google, jina hilo ni kubwa. Alijenga roboti ya kukusanya kurasa, Michael Burrows akajenga faharasa, na kabla ya AltaVista kufunguliwa kwa umma Desemba 15, 1995, wafanyakazi wa Digital, kampuni iliyoimiliki, ndio waliokuwa wa kwanza kuitumia na kuibana. Siku ya kwanza ilipokea maombi 300,000 na ikasimama imara. Baada ya miaka miwili ilikuwa milioni 80 kwa siku. Watu waliirudia kwa sababu ilijibu, na ilijibu kwa sababu ilikwisha kujaribiwa na watu waliokuwa na kazi halisi ya kufanya.

Google wenyewe walianza kwenye anwani ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mwishoni mwa 1998 walikuwa wakijibu maswali 10,000 kwa siku, idadi ambayo leo hata tovuti ya gazeti dogo ingeiona haba, na neno beta lilibaki kwenye ukurasa wao hadi Septemba 1999. Neno hilo lilimwambia mgeni kwamba kazi inaendelea, ukikuta kasoro tuvumilie. Cuil hawakuliweka. Waliingia na dola milioni 33 za wawekezaji na dai la kuwa wakubwa kuliko wote.

Nina ugomvi wa siku nyingi na watu wanaopima tovuti mpya kwa wageni wa siku ya kwanza, na wanaonisoma wanaujua. Ulianzia kwa boo.com, duka la mavazi lililokuwa na makao London, ambalo lilipangwa kufunguliwa Mei 1999, likatangazwa mno, na likafunguliwa Novemba na kurasa nzito ambazo modemu za wakati ule hazikuweza kuzibeba. Mei 2000 lilikuwa limefungwa, na takriban dola milioni 135 zimekwenda. Kila mara mtu anaponiletea mchoro wa wageni wenye mlima mmoja mrefu, namwuliza mchoro wa siku ya thelathini uko wapi. Mara nyingi hana. Mlima wa siku ya kwanza unanunulika: kwa matangazo, kwa taarifa iliyogawiwa wahariri wote itoke saa moja, kwa dai kubwa. Anayerudi siku ya thelathini hanunuliki.

Lakini sikubaliani pia na wanaonijibu kwamba kizuri chajiuza. Hakijiuzi. Hotmail ilikuwa nzuri ilipoanza Julai 4, 1996, na uzuri huo peke yake usingetosha. Kilichoifikisha kwa watu milioni 12 ndani ya mwaka mmoja na nusu ni mstari mdogo ulioongezwa chini ya kila barua, ukimwambia mpokeaji kwamba naye anaweza kupata anwani yake bure. Wazo lilitoka kwa mwekezaji, Tim Draper; Sabeer Bhatia na Jack Smith hawakulipenda mwanzoni. Utazameni mstari ule kiufundi. Unamfikia mtu ambaye tayari anatumia barua pepe, kupitia mtu anayemfahamu, wakati barua iliyofika ni ushahidi kwamba kitu kinafanya kazi. Na unaleta wageni kwa kasi ileile ambayo watumiaji wanaongezeka, si kwa kasi ya magazeti.

Mwaka uleule wa Cuil tuliona jambo hilo nyumbani. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake, iliyokuwa na wasomaji wanaomwamini, wazo la ramani ya kuonyesha wapi nini kimetokea. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaijenga Ushahidi kwa siku chache. Haikuwa na tarakimu ya kujivunia. Ilikuwa na kazi ya kumpa mgeni: tuma ulichokiona, kwa ujumbe wa simu ukitaka. Kwa hesabu ya Ushahidi wenyewe, watu 45,000 waliitumia nchini Kenya. Naiweka juu ya Cuil bila kusita.

Sasa niseme la roboti, kwa sababu halisemwi vya kutosha. Roboti ya Cuil ya kukusanya kurasa iliitwa Twiceler, na wenye tovuti ndogo waliijua muda mrefu kabla ya kuijua Cuil. Ilipiga hodi kwa kasi ambayo wengi waliilalamikia kwamba inaziangusha seva zao. Wanafunzi wawili wa Stanford walioanzisha Google nao waliwahi kumeza sehemu kubwa ya uwezo wa mtandao wa chuo chao, ni kweli. Lakini walichukua kwa mwenyeji aliyewalea. Twiceler ilichukua kwa watu wasioijua, wanaolipia data kwa mwezi. Na hao ndio kundi la kwanza ambalo injini mpya ya utafutaji inalihitaji. Mwenye tovuti ndiye anayeangalia wageni wake wametoka wapi, ndiye anayewaambia wenzake kwamba kuna injini mpya inaleta watu, ndiye anayeweka kiungo. Njaa ya kufikia bilioni 120 iliwageuza hao kuwa maadui kabla hawajawa wageni.

Kisha kuna lile walilokuwa nalo mkononi wakaliweka nyuma. Cuil hawakuhifadhi maswali ya mtu wala anwani yake ya mtandao. Hilo ni dai ambalo mgeni anaweza kulichukua hata akikutana na majibu dhaifu, kwa sababu halimlazimishi kulinganisha kurasa kwa kurasa. Google hawangeweza kulijibu kwa trilioni yoyote, maana biashara yao ya matangazo ilihitaji kumbukumbu zile. Likawekwa chini ya tarakimu, kama nyongeza.

Miezi miwili baada ya uzinduzi wa Cuil, Septemba 2008, Gabriel Weinberg alifungua DuckDuckGo, akiwa peke yake na fedha zake. Hakudai kuwa mkubwa kuliko yeyote. Majibu mengi aliyachukua kwa wengine. Faragha haikuwa hoja yake siku ya kwanza. Ilikuja baada ya kuwasikiliza watumiaji wachache aliokuwa nao, akaiweka mbele. Mwaka 2011 akalipia bango moja San Francisco kwa dola 7,000, likisema Google wanakufuatilia na sisi hatukufuatilii, na bango hilo likaandikwa kwenye magazeti ambayo hakuyalipa. Bango liliwaleta watu kwenye tovuti iliyokuwa imekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka miwili, kwa dai ambalo mgeni alilikuta ni kweli alipofika.

Mpangilio wa kurasa za Cuil ulikuwa mzuri, na visanduku vya mada kando ya majibu vilisaidia. Monier aliondoka wiki chache baada ya uzinduzi. Seva zilizimwa Septemba 17, 2010. Wakati huo DuckDuckGo ilikuwa inakaribia kutimiza miaka miwili, bado kazi ya mtu mmoja kwa sehemu kubwa, na haikuwahi hata siku moja kuita dunia nzima kwa pamoja.