Kilio kisicho na tafsiri

Tumesikiliza tena Missa Luba, ile Misa iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen. Maneno ya Kyrie ni ya Kigiriki, lakini sauti yake ni ya kasala, wimbo wa Waluba wa kulilia wafu. Wengine watauliza: asiyejua Kigiriki anaomba nini? Tunajibu: anaomba kama aliavyo matangani, pale maneno yanapomwishia. Mtaguso uliruhusu lugha zetu mwaka 1963, na ni vema. Sasa kila mkristu anafahamu «Bwana, utuhurumie». Lakini sisi mapadri mara nyingi tunaitamka mbio, kama tangazo. Ndugu waseminari, fasirini maneno, lakini msisahau kutafuta sauti yenye kuyaliza.