Mahdi wa Jangwani na Watazamaji Wake

Filamu ya Dune: Part Two, iliyoongozwa na Denis Villeneuve na kutolewa mwaka 2024, imewagawa watazamaji kwa namna isiyo ya kawaida kwa sinema za sayari na vyombo vya angani. Hubishana mara nyingi kama mapigano yamezidi yale ya sehemu ya kwanza. Safari hii ubishi umehusu imani: je, kijana Paul Atreides ni mkombozi wa watu wa jangwani au ni mlaghai? Wapo waliotoka ukumbini wakimshangilia, na wapo waliotoka na hofu, ingawa wote waliketi mbele ya picha ileile kwa karibu saa tatu.

Kwa msomaji ambaye hajaiona: Wafremen wanaishi kwenye sayari ya mchanga, wakinyanyaswa na wageni wanaokitaka kiungo adimu kipatikanacho huko. Zamani sana shirika la wanawake liitwalo Bene Gesserit lilipanda kati yao unabii wa mkombozi atakayetoka mbali, ili siku moja unabii huo uwafae wanawake hao wenyewe. Paul anafika na mama yake, mmoja wa shirika hilo, na ishara zinaanza kutimia. Wanamwita Mahdi, tena Lisan al-Gaib. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: lisani ni ulimi, na ghaibu ni yale yasiyoonekana. Frank Herbert, mwandishi wa riwaya yenyewe ya mwaka 1965, aliazima mengi kutoka Kiarabu, na wapo watazamaji Waislamu waliolalamika kwamba maneno yamechukuliwa huku nafasi kuu zikienda kwa waigizaji wa asili nyingine. Tunaona wana haki.

Aliyewachekesha watu ni Stilgar, kiongozi wa Wafremen, aliyeigizwa na Javier Bardem. Kwake kila kitu ni ushahidi. Paul akifaulu kumpanda mnyoo mkubwa wa jangwani, ni ishara. Paul akikana kuwa yeye ndiye Mahdi, hiyo nayo ni ishara, maana Mahdi wa kweli asingejitapa. Kumbi zilicheka, na watazamaji wengi wakahitimisha kwamba hivi ndivyo dini ilivyo: upofu unaojithibitisha wenyewe.

Sisi tunaosali tusiharakishe kukasirika, wala tusiharakishe kucheka pamoja nao. Kosa la Stilgar si kwamba anaamini mno. Amejenga imani isiyoweza kupimwa na jambo lolote, na Biblia haijawahi kuisifu imani ya namna hiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 13, inamzungumzia nabii ambaye ishara yake imetimia kweli, na bado inaonya asifuatwe akiwapeleka watu kwa miungu mingine. Ishara kutimia hakutoshi. Swali ni anawapeleka wapi. Kipimo hicho kingemfaa sana Stilgar, kwa sababu ishara za Paul zinatimia zote, naye anawapeleka kwenye kiti cha enzi na vita visivyo na mpaka. Hata kinywaji kinachomfungulia maono, kiitwacho Maji ya Uzima, ni sumu.

Tunakumbuka pia Yohana sura ya 6. Watu walioshiba mikate walitaka kumshika Yesu wamfanye mfalme, naye akaenda mlimani peke yake. Paul naye anakwepa kwa muda mrefu, kisha anakwenda kusini, anasimama mbele ya umati, anamtajia mtu siri za ukoo wake na kuupokea ufalme. Hapo muziki wa Hans Zimmer unapaa na mtazamaji anasisimka kama Mfremen. Kwa hiyo aliyetoka akimpenda Paul tusimwite mjinga. Sinema yenyewe ilimfanyia kazi, kama Bene Gesserit walivyowafanyia wale wa jangwani.

Herbert aliliona jambo hili mapema. Wasomaji wake walimpokea Paul kama shujaa, naye mwaka 1969 akatoa Dune Messiah, kitabu cha kuwaonya. Filamu ya David Lynch ya mwaka 1984 ilimalizika kwa Paul kuleta mvua, kana kwamba onyo halikuwapo. Villeneuve amelirudisha kwa kumbadilisha Chani: kitabuni anabaki kando ya Paul, katika filamu anamkataa Mahdi na kuondoka. Wapenzi wa kitabu wengi hawakulipenda badiliko hilo. Sisi tunalikubali, ila lina pengo. Vijana wa kaskazini hawaamini lolote, wazee wa kusini wanaamini lolote, na katikati hakuna mtu. Hatumwoni hata Mfremen mmoja anayeomba, anayeuliza, anayeogopa kudanganywa na bado anamtafuta Mungu. Watu hao wapo kila penye dini, na kukosekana kwao kumewarahisishia watazamaji kuchagua kati ya kicheko na shangwe.

Mwishoni nyumba kubwa za watawala zinamkataa Paul, na Stilgar anaingia kwenye chombo cha vita akiwa na furaha ya mtu aliyeiona ahadi. Picha ya mwisho ni uso wa Chani, jangwani, akiusubiri mnyoo umchukue.